Wasifukazi na barua ya kuomba kazi: Namna ya kuandika maombi yatakayosomwa

KILA kaunti ya Machakos inapotangaza nafasi za kazi, shughuli huongezeka katika maduka ya intaneti na ya kunakili karatasi mjini. Vijana hupanga foleni wakiwa na vyeti mikononi, huku wengine wakimwomba mhudumu wa duka awaandikie barua ya kuomba kazi kwa haraka kabla ya muda wa kupokea maombi kumalizika.

Mhudumu huyo, ambaye ana wateja wengine wanaosubiri, hufungua barua aliyomwandikia mtu mwingine wiki iliyopita, akabadilisha jina na tarehe, kisha akaichapisha. Bahasha ya kaki hufungwa na kupelekwa. Mwombaji hurudi nyumbani kusubiri simu ambayo mara nyingi haipigwi.

Huenda kijana huyo alihitimu kwa alama nzuri na angeifanya kazi hiyo vyema. Tatizo ni kwamba afisa aliyeipokea bahasha hakupata namna ya kulijua hilo, kwani barua iliyokuwemo ilifanana na nyingine nyingi zilizokuwa mezani pake.

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la ajira la siku hizi, hata kizuri kisipoelezwa ipasavyo hubakia ghalani.

Kaunti ya Machakos ilikuwa na watu 1,421,932 kulingana na sensa ya 2019. Ina Chuo Kikuu cha Machakos, kilichopata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2016, na taasisi kadhaa za mafunzo ya kiufundi. Kwa upande wa Mavoko, eneo la Athi River lina viwanda vya saruji, kiwanda cha Tume ya Nyama ya Kenya na eneo maalumu la viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje ya nchi. Waajiri wapo, lakini wanaotafuta kazi ni wengi zaidi, na wanaotoka Nairobi, takriban kilomita 60 hivi kutoka mjini Machakos, huwania nafasi hizo hizo.

Makala haya yanaeleza namna ya kuandaa nyaraka mbili zinazomtangulia mwombaji mbele ya mwajiri: wasifukazi na barua ya kuomba kazi.

Wasifukazi ni nini?

Wasomaji waliosoma Kiswahili katika shule za upili wanakumbuka tofauti ya maneno matatu. Wasifu ni maelezo ya maisha ya mtu yaliyoandikwa na mtu mwingine. Tawasifu ni maelezo ya maisha yaliyoandikwa na mhusika mwenyewe. Wasifukazi ni muhtasari wa elimu, ujuzi na tajriba ya mtu ulioandaliwa kwa lengo la kutafuta kazi.

Tofauti hiyo ina maana kubwa. Watu wengi wanapoandaa wasifukazi huandika tawasifu: walikozaliwa, wazazi wao, shule ya chekechea na kila jambo lililowapata. Mwajiri haulizi hayo. Anauliza jambo moja tu: je, mtu huyu ataweza kuifanya kazi niliyo nayo?

Mfano maarufu ni wa msanii Leonardo da Vinci wa Italia. Mnamo mwaka 1482 hivi, alimwandikia Ludovico Sforza, mtawala wa Milan, barua ya kujipendekeza kwa kazi. Leo tunamjua kama mchoraji, lakini katika barua hiyo alianza kwa kueleza uwezo wake wa kujenga madaraja ya kubebeka na zana za kivita, na uchoraji akautaja mwishoni. Alijua kwamba mtawala huyo alikuwa na maadui, hivyo akatanguliza kile kilichohitajika.

Anza na tangazo, si na kompyuta

Kosa la kwanza la waombaji wengi ni kuandika kabla ya kusoma. Chukua tangazo la kazi na kalamu. Piga mstari chini ya kila sifa inayotakiwa: kiwango cha elimu, miaka ya tajriba, leseni, ujuzi wa kompyuta, lugha. Kisha andika kando ya kila sifa ushahidi ulio nao.

Iwapo tangazo linataka cheti cha stashahada nawe una cheti cha kiwango cha chini, jua kwamba katika utumishi wa umma ombi lako huenda likaondolewa mapema. Sifa zinazotajwa kuwa za lazima ndizo chujio la kwanza. Hata hivyo, sifa zinazotajwa kuwa za ziada zisikuzuie kuomba.

Angalia pia nambari ya kumbukumbu ya nafasi hiyo, siku na saa ya mwisho, na njia ya kuwasilisha maombi. Mwombaji anayetakiwa kujaza fomu kwenye tovuti kisha akapeleka bahasha ofisini ameonyesha kwamba hafuati maagizo, na hiyo ni sifa mbaya kwa yeyote anayetafuta kazi.

Sehemu za wasifukazi

Wasifukazi mzuri wa mtu anayeanza maisha ya kazi hautakiwi kuzidi kurasa mbili. Sehemu zake za kawaida ni hizi:

Maelezo ya kibinafsi: Jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, anwani, nambari ya simu inayopatikana na barua pepe. Tumia anwani ya barua pepe yenye jina lako. Anwani yenye jina la utani la kuchekesha wenzako shuleni haifai hapa.

Muhtasari: Sentensi mbili au tatu zinazoeleza wewe ni nani kikazi na unachoweza kufanya. Epuka maneno matupu kama "mchapakazi, mwaminifu na mwenye bidii". Kila mwombaji huyaandika, kwa hivyo hayamtofautishi yeyote.

Tajriba ya kazi: Anza na kazi ya hivi karibuni ukirudi nyuma. Taja mwajiri, cheo, mwezi na mwaka wa kuanza na wa kumaliza, na mambo uliyoyafanya.

Elimu na mafunzo: Vilevile anza na ya karibuni zaidi. Mwenye shahada hana haja ya kueleza mengi kuhusu shule ya msingi.

Ujuzi: Lugha, programu za kompyuta unazozimudu, leseni ya udereva na aina ya magari uliyoidhinishwa kuendesha.

Warejelewa: Watu wawili au watatu wanaoweza kuthibitisha uwezo na tabia yako. Waombe idhini kwanza. Ni aibu mwajiri akimpigia simu mwalimu wako naye akauliza, "Nani huyo?"

Waajiri wengi wakubwa sasa hupokea maombi kwa mitandao, na baadhi yao hutumia programu za kompyuta kuyachuja kwa kutafuta maneno yaliyomo kwenye tangazo. Kwa sababu hiyo, tumia istilahi za tangazo lenyewe pale zinapolingana na ukweli wako. Epuka mapambo, picha na majedwali ambayo programu hizo huenda zikashindwa kuyasoma.

Tajriba ipo, ila hatuiandiki

Malalamiko ya vijana wengi ni kwamba kila mwajiri anataka tajriba ilhali hakuna anayetaka kuwapa nafasi ya kuipata. Malalamiko hayo yana msingi. Lakini pia ni kweli kwamba wengi wao wana tajriba wasiyoitambua kuwa tajriba.

Msichana aliyemsaidia mama yake kuendesha duka katika soko la Tala kwa miaka miwili amejifunza kuhesabu bidhaa, kushughulikia wateja na kutunza pesa. Kijana aliyekuwa mweka hazina wa chama au wa kwaya ya kanisa ameweka kumbukumbu za fedha za watu. Aliyefanya kibarua kiwandani Athi River anajua kanuni za usalama kazini na zamu za usiku. Aliyekusanya maembe ya wakulima wa Mwala na kuyapeleka sokoni anajua usafirishaji na majadiliano ya bei.

Jambo muhimu ni namna ya kulieleza. Linganisha maelezo haya mawili ya kazi moja:

La kwanza: "Nilifanya kazi dukani."

La pili: "Januari 2022 hadi Desemba 2023: Msaidizi katika duka la jumla, Tala. Niliuza bidhaa, nikahesabu akiba ya ghala kila Jumamosi, nikaandaa orodha ya bidhaa za kuagizwa na kuweka rekodi ya malipo ya pesa taslimu na ya simu."

Maelezo ya pili hayana uongo wala majigambo. Yana tarehe, mahali na vitendo. Afisa anayetafuta karani wa ghala ataona mara moja kwamba mwombaji huyu ameshawahi kuhesabu akiba.

Ikiwa kuna kipindi ambacho hukufanya kazi wala kusoma, usikifiche kwa kubadilisha tarehe. Sentensi moja inatosha: "2020 hadi 2021: nilimuuguza mzazi nyumbani." Waajiri ni binadamu na wanaelewa hali za maisha. Wasichokielewa ni tarehe zinazogongana.

Barua ya kuomba kazi

Barua ya kuomba kazi ni barua rasmi, na muundo wake ni ule ule unaofundishwa shuleni: anwani ya mwandishi na tarehe, anwani ya mwandikiwa, mtajo, mada, mwili na kimalizio. Katika ofisi nyingi za Kenya barua hizi huandikwa kwa Kiingereza, ingawa Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinatambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kanuni za uandishi ni zile zile kwa lugha zote mbili.

Barua isizidi ukurasa mmoja. Isirudie wasifukazi wote, bali iteue mambo mawili au matatu yanayojibu hitaji la mwajiri. Aya ya kwanza itaje nafasi unayoomba na ulikoliona tangazo. Aya ya pili ieleze ushahidi wa uwezo wako. Aya ya tatu ieleze kwa nini unataka kufanya kazi mahali hapo hasa. Mwisho utoe shukrani na namna ya kukupata.

Huu hapa mfano wa mwili wa barua ya mwombaji anayetafuta kazi ya karani wa ghala katika kiwanda:

Kwa Bw/Bi,

MINTARAFU: OMBI LA KAZI YA KARANI WA GHALA

Ninaomba nafasi iliyotajwa hapo juu kama ilivyotangazwa kwenye lango la kiwanda chenu mnamo tarehe 4 mwezi huu.

Nina stashahada ya usimamizi wa ugavi na nimefanya kazi katika duka la jumla kwa miaka miwili. Katika kipindi hicho nilihesabu akiba ya ghala kila wiki na kuihamisha rekodi ya duka kutoka daftarini hadi kwenye kompyuta. Kazi hiyo ilituwezesha kutambua mapema bidhaa zilizokaribia kuharibika.

Tangazo lenu linataka mtu anayeweza kufanya kazi kwa zamu. Ninaishi Mlolongo na ninaweza kufika kazini kwa zamu ya asubuhi au ya usiku.

Nimeambatisha wasifukazi wangu na niko tayari kuitwa kwa mahojiano siku yoyote.

Wako mwaminifu,

Mwombaji huyu hakuandika kwamba anatoka katika familia maskini na kwamba ndiye tegemeo la wadogo zake. Huenda hilo ni kweli na ni zito moyoni mwake. Hata hivyo, barua ya kazi si ombi la msaada. Aliyetaja zamu za usiku na makazi yake karibu na kiwanda amemwondolea mwajiri wasiwasi, jambo ambalo huruma haiwezi kulifanya.

Haki zako kisheria

Ni vyema mwombaji ajue sheria inasema nini, kwani wengi hukata tamaa kwa kuamini kwamba kila nafasi ina mwenyewe.

Kifungu cha 232 cha Katiba kinataja ushindani wa haki na ustahili kuwa msingi wa uteuzi katika utumishi wa umma. Kinataka pia nafasi sawa kwa wanawake na wanaume, watu wa jamii zote na watu wenye ulemavu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inazitaka bodi za utumishi wa umma za kaunti kutangaza nafasi kwa njia zitakazowafikia watu wengi iwezekanavyo. Inazitaka vilevile kuzingatia haja ya kuwapa angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya chini watu wasiotoka katika jamii yenye watu wengi zaidi katika kaunti husika.

Sheria ya Ajira ya 2007 nayo inakataza ubaguzi dhidi ya mwombaji kwa misingi kama jinsia, dini, kabila, ulemavu, ujauzito au hali ya virusi vya Ukimwi. Kwa hivyo, mazoea ya zamani ya kuandika dini, hali ya ndoa na kabila kwenye wasifukazi hayana faida. Fomu za serikali zinapouliza kabila na kaunti ya nyumbani kwa ajili ya kufuatilia usawa, jaza humo.

Mwombaji mwenye ulemavu, mathalan mhitimu wa Taasisi ya Kiufundi ya Wasioona ya Machakos, anaweza kueleza kwa ufupi kifaa au mpango anaouhitaji ili afike kwenye mahojiano. Hatua hiyo humpa mwajiri nafasi ya kujiandaa.

Kuna haki nyingine ambayo vibarua wengi hawaijui. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi kazi inapokwisha, isipokuwa kama aliifanya kwa chini ya majuma manne mfululizo. Cheti hicho huonyesha jina la mwajiri, aina ya kazi na tarehe za kuanza na kumaliza. Sheria haimlazimishi mwajiri kukusifu, lakini cheti ni haki yako. Kiitishe siku unayoondoka, usingoje miaka mitano.

Gharama za vyeti vya idhini

Kwa miaka mingi, waombaji wa kazi za umma walitakiwa kuambatisha vyeti vya Mamlaka ya Ushuru (KRA), Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB), Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi (EACC), idara ya upelelezi (DCI) na mashirika ya kukusanya taarifa za mikopo. Vingi vilihitaji malipo, na vijana wasio na kazi walilazimika kukopa ili kuomba kazi ambayo hawakuwa na hakika ya kuipata.

Sheria ya Ajira ilifanyiwa marekebisho mwaka 2022, na sasa mwajiri anaweza kuitisha vyeti hivyo baada ya kumpa mtu kazi. Soma tangazo kwa makini kabla ya kutumia pesa zako. Hata hivyo, ukishapewa kazi utavihitaji, hivyo ni busara kujua mapema kama una deni la mkopo wa masomo au dosari katika rekodi zako za ushuru.

Uongo hugharimu

Mnamo Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilitoa ripoti ya ukaguzi wa vyeti ambapo zaidi ya wafanyakazi 2,000 wa taasisi za umma walipatikana na vyeti ghushi. EACC imekuwa ikiwafikisha watu wa aina hiyo mahakamani na kuwadai warudishe mishahara yote waliyopokea.

Aliyeghushi cheti huishi kwa hofu kila siku, na hata baada ya miaka 10 kazini anaweza kupoteza kazi, akiba na uhuru wake. Uongo mdogo nao una hatari. Anayedai kuijua programu ya hesabu asiyoijua huumbuka siku ya kwanza anapoketishwa mbele ya kompyuta.

Jihadhari na matapeli

Wanaotafuta kazi ni windo rahisi. Tangazo linalotaka utume pesa za "usajili", "sare" au "uchunguzi wa afya" kabla ya mahojiano ni la kutiliwa shaka. Vivyo hivyo kwa mtu anayedai kumjua mkubwa fulani kwenye bodi. Matangazo mengi ya kazi za umma huonya wazi kwamba kutumia watu mashuhuri kushawishi uteuzi humwondoa mwombaji katika kinyang'anyiro.

Thibitisha tangazo kwenye tovuti rasmi ya mwajiri au ofisini mwake. Usiandike nambari ya kitambulisho na taarifa za benki katika wasifukazi unaousambaza kila mahali.

Kabla ya kutuma

Unapotuma kwa barua pepe, andika mada inayotaja nafasi na nambari yake ya kumbukumbu. Hifadhi wasifukazi katika faili ya PDF yenye jina lako kamili, si "cv mpya ya mwisho 2". Andika maneno machache ya salamu na maelezo, usitume viambatisho vitupu. Ikiwa unapeleka kwa mkono, andika nambari ya kumbukumbu juu ya bahasha na uhakikishe nakala za vyeti zinasomeka.

Mpe mtu mwingine asome kabla ya kutuma: mwalimu wako wa zamani, jirani anayefanya kazi ofisini au rafiki makini. Jicho la mtu wa pili huona jina la kampuni nyingine lililosahaulika kwenye barua ya kunakili. Kisha weka daftari lenye orodha ya kazi ulizoomba, tarehe na nakala ya ulichotuma, ili simu ikipigwa usiulize, "Kazi gani hiyo?"

Ukienda kwenye duka la intaneti, nenda na karatasi uliyoandika mwenyewe nyumbani. Mhudumu akuchapie maneno yako, asikuazime ya mtu mwingine.

Wasifukazi mzuri hauwezi kuumba nafasi za kazi zisizokuwepo, na hakuna anayefaa kumlaumu kijana aliyeomba mara nyingi bila kufanikiwa. Lakini nafasi inapotokea, mwombaji anayeeleza kwa ukweli, kwa ufupi na kwa mpangilio kile anachoweza kufanya humrahisishia kazi afisa aliye na rundo la bahasha mezani. Naye afisa huyo, baada ya kusoma barua nyingi zinazofanana, huiweka kando ile iliyomjibu swali lake.